Karavani ya yaya wangu na sheria ya siku 180



Zamu yangu ya kuandika imefika, na najua wengi mnangoja niendelee na mambo ya parseli na kadastri. Tutafika pale. Lakini leo nitapitia njia ndefu kidogo, njia ya Texas, Marekani, ju kule njo nilifundishwa, tena na barua ya ukurasa mmoja tu, kitu ambacho miaka mitano ya sheria mu oditwari haikunifundisha vizuri.

Yaya wangu anaishi kule tangu alipopokelewa kama mkimbizi. Anafanya kazi ya ujenzi, na kazi yenyewe inahama: miezi kadhaa hapa, miezi kadhaa kule. Nyumba za kupanga ziko bei kali. Basi akanunua karavani ya zamani, ile nyumba ndogo yenye magurudumu ambayo gari inaivuta nyuma, akaiweka mu uwanja wa karavani karibu na mto. Kila mwezi analipia nafasi yake. Mwanzo wa mwaka 2025 alikuwa amemaliza zaidi ya mwaka mmoja pale pale. Alikuwa ametoa magurudumu, ameisimamisha karavani juu ya matofali ya sima, na mbele amejenga baraza la mbao lenye paa, amelipigilia misumari kwenye ukuta. Alitutumia picha kwa WhatsApp: viti viwili, maua, chupa ya chai. Mama alifurahi: "Sasa huyu mtoto iko na nyumba."

Halafu barua ikafika kutoka ofisi ya kaunti. Ilimpa siku 30 za kuchagua. Ama abomoe baraza, arudishe magurudumu na kulipia tena plaki ya gari. Ama aombe ruhusa kama mtu anayejenga nyumba, ainyanyue juu na kuifunga mu udongo kwa vyuma. Yaya akanipigia simu: "Mdogo wangu, weye njo mwenye diplome ya sheria. Banataka kunibomolea baraza. Nibajibu nini?"

Nilijibu kwa hasira. Niliandika kurasa tatu: haki ya makao, haki ya mtu aliyelipa, unyanyasaji wa maskini. Nilitia hata maneno mazito ya Kifaransa ili ionekane kazi ya avoka. Kisha nikafanya kile nilichopaswa kufanya kwanza: nikaisoma kanuni yenyewe. Nilipomaliza, kurasa zangu tatu zilibaki zinafaa kufungia karanga.

Wacha niwaeleze nilichokikuta.

Gari ama nyumba?

Uwanja wa karavani si parkingi ya kawaida. Ni ardhi ya mtu mmoja ama ya kampuni, imegawanywa vipande vidogo. Kila kipande kina nguzo ya kurani, robine ya maji, na mara nyingi tiyo ya kupokea maji machafu. Mtu anakuja na karavani yake, anaunganisha, analala. Wengine ni watalii, wanakaa siku mbili wanaenda. Wengine ni wazee waliostaafu wanaokimbia baridi. Na wengine ni kama yaya: wafanyakazi ambao hapo njo kwao.

Swali la kwanza ambalo sheria inauliza ni hili: hiki kitu ni gari ama ni nyumba? Usicheke. Karibu kila kanuni inatokea hapo. Kanuni za mafuriko za Leta ya Marekani zinasema karavani ni kitu kilichojengwa juu ya fremu moja, chenye ukubwa usiozidi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37, chenye kujiendesha ama kuvutwa na gari ndogo, na kilichotengenezwa si kwa kuishi siku zote bali kwa mapumziko, kupiga kambi, safari ama msimu fulani. Nyumba za kiwandani zinazoletwa na lori na kuwekwa mahali pa kudumu ni kitu kingine. Hizo zina sheria yao ya mwaka 1974, na tangu mwezi wa 6 mwaka 1976 zinajengwa kwa kipimo kimoja nchi nzima.

Kwa hiyo karavani, mbele ya sheria, ni chombo cha kupita. Sheria imeiruhusu ikae mahali ambapo nyumba haingeruhusiwa, kwa sababu inaamini kwamba kesho itaondoka. Ukitoa magurudumu na kupigilia baraza, umeivunja ile imani.

Nani anaamuru?

Hapa wasomi wa sheria ya utawala muwe makini. Sisi tumezoea Leta moja yenye kuamuru kutoka juu. Kule, ardhi inapangwa chini, mu mji na mu kaunti (chukua kaunti kama teritwari, ili tuelewane). Mwaka 1926, mu kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, dhidi ya kampuni ya Ambler Realty, mahakama kuu ya Marekani ilikubali kwamba mji unaweza kugawa ardhi yake: hapa nyumba, hapa biashara, hapa viwanda. Tangu pale, mtu anayetaka kufungua uwanja wa karavani mu mji anatazama kwanza ramani ya mji. Mara nyingi uwanja wa namna hiyo hauruhusiwi moja kwa moja. Sherti aombe ruhusa ya pekee, kikao kifanyike mbele ya watu wote, na majirani waje kusema: barabara itajaa, harufu, makelele, bei ya parseli zetu itashuka. Kamati inaweza kukubali kwa masharti: idadi ya nafasi, ukuta wa miti, umbali kutoka mpakani, siku ambazo mgeni anaweza kukaa.

Lakini Texas ina jambo lake. Miji ina uwezo huo wa kupanga maeneo, kaunti kwa kawaida hazina. Nje ya mipaka ya mji, mtu anaweza kuweka uwanja wa karavani kando ya shamba la jirani na kaunti isiweze kumwambia "hapa si mahali pake". Kaunti inabaki na milango michache ya kuingilia: maji machafu, namna ardhi inavyogawanywa, na eneo la mafuriko. Nilipoelewa hilo, ndipo nikaelewa kwa nini barua ya yaya haikusema neno juu ya uzuri wa baraza wala juu ya majirani. Ilizungumza juu ya mto tu. Ule mlango njo kaunti ilikuwa nao.

Kwingine ni tofauti. California, kwa mfano, jimbo lenyewe njo limeandika sheria ya viwanja hivi, na idara yake ya nyumba inatoa ruhusa ya kuviendesha na kuvikagua, isipokuwa pale ambapo mji ama kaunti imeomba kuchukua kazi hiyo. Mji unabaki na sauti juu ya mahali: wapi uwanja uwekwe.

Wanachunguza nini?

Kwanza, choo. Karavani ina matanki mawili chini yake: moja la maji ya kuoga na kuosha vyombo, lingine la choo. Weka karavani 60 mahali pamoja, kila moja imwage ovyo, na kisima cha jirani kimeharibika. Kwa hiyo uwanja sherti uwe na mfereji wa mji, ama mashimo yake ya choo yaliyopimwa kulingana na idadi ya watu na aina ya udongo, pamoja na mahali pa kumwagia matanki.

Pili, moto. Karavani ni mbao nyepesi, plastiki na chupa ya gazi. Inaungua haraka sana. Kwa hiyo kuna vipimo vya umbali kati ya karavani na karavani, nguzo za kurani zilizokaguliwa, na njia pana ambayo gari ya wazima moto inaweza kupita na kugeuka.

Tatu, maji ya mto. Hapa njo sheria ya siku 180 inaingia.

Siku 180

Tangu mwaka 1968 Leta ya Marekani ina programu ya asiransi ya mafuriko. Mpango ni wa kubadilishana: watu wa mji ama kaunti wanaweza kununua asiransi hiyo, lakini mji ama kaunti sherti iandike kanuni zake za kujenga kandokando ya maji na kuzifuata kweli. Ikizembea, inaweza kusimamishwa, na hapo wakaaji wote wanakosa kununua ile asiransi, hata yule aliyejenga vizuri. Njo maana mkaguzi mmoja anaweza kutoka ofisini kwa sababu ya baraza moja.

Ramani za programu hiyo zinaonyesha maeneo ambayo yana nafasi ya 1 kwa 100 ya kufurika kila mwaka. Watu wanaita "mafuriko ya miaka 100", na neno hilo linadanganya wengi: wanafikiri yakija leo, yatarudi mu karne nyingine. Si hivyo. Kila mwaka unapiga kura upya. Ukikaa pale miaka 30, nafasi ya kufikiwa ni kama 26 kwa 100, yaani zaidi ya mtu mmoja kwa wanne.

Sasa, karavani mu eneo lile inakubaliwa kwa njia moja kati ya tatu. Ama ikae pale chini ya siku 180 mfululizo. Ama iwe na plaki halali na tayari kwa barabara: iko juu ya magurudumu yake ama jeki zake, maji na kurani vimeunganishwa kwa viungo vya kuchomoa haraka, na hakuna kitu cha kudumu kilichoshikamana nayo. Ama ifuate masharti ya nyumba: sakafu inyanyuliwe juu ya kimo cha yale mafuriko, na yote ifungwe mu udongo. Kuna kaunti ambazo zinakaza zaidi na kutaka masharti ya kwanza mawili pamoja.

Muangalie yaya kwa kipimo hicho. Siku 180 zilipita zamani. Magurudumu yako chini ya kitanda, plaki imekufa, baraza limepigiliwa. Njia ya tatu ni pesa ambayo hana. Kaunti haikumuonea. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa amegeuza gari kuwa nyumba, mahali ambapo nyumba ya namna ile haiwezi kusimama. Na baraza si pambo tu: maji yakija, mbao zile zinang'oka, zinaenda kugonga karavani ya jirani na kuziba daraja.

Nilimpigia simu, nikamwambia: "Yaya, samahani, wale watu wana haki." Alinyamaza, kisha akasema: "Mdogo, weye uko upande wa nani?" Hakubomoa. Alimwambia mkaguzi kwamba mdogo wake anayejua sheria anatayarisha jibu. Sikuwa natayarisha kitu.

Tarehe 4 mwezi wa 7

Usiku wa kuamkia tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 2025, siku kuu ya uhuru wa Marekani, mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vya Texas. Mto Guadalupe, mu Kerr County, ulipanda karibu mita 8 kwa kama dakika 45. Watu walikuwa wamelala. Dunia ilisikia zaidi habari ya kambi ya wasichana, na ni haki yake. Lakini viwanja vya karavani kando ya mto huo navyo vilipigwa, familia zikachukuliwa pamoja na karavani zao. Mu kaunti ile peke yake watu zaidi ya 100 walikufa.

Si mto wa yaya ule. Yeye yuko mbali na pale. Lakini asubuhi hiyo alinipigia, sauti yake si ya kawaida. Hakuzungumza juu ya baraza. Alisema: "Karavani haina nanga. Inaelea kama kopo." Jumamosi iliyofuata alianza kung'oa misumari.

Sasa, mimi mwenye kupenda sheria, ningeweza kusimama hapa na kusema: mnaona, kanuni ilikuwa na haki. Lakini yaya alinifundisha jambo la pili. Alipomaliza kurudisha magurudumu, alichukua saa, akajaribu: kuchomoa kurani, kuchomoa maji, kufunga tiyo ya choo, kunyanyua jeki, kurudisha gari nyuma, kufunga ndoano. Mara ya kwanza ilimchukua saa moja na dakika 10. Baada ya mazoezi, dakika 35. Mchana, pakavu, bila hofu.

Fikirini. Mto umepanda kwa dakika 45, usiku, na hakuna aliyekuamsha. Zile dakika 35 utazitoa wapi?

Kanuni inasema karavani iwe tayari kuondoka. Haisemi nani atapiga kelele saa tisa ya usiku. Mu Kerr County walikuwa wamezungumza kwa miaka juu ya kuweka ving'ora kando ya mto, na suala la pesa likakwamisha. Tena si kwamba mto ulikuwa haujulikani: mwezi wa 7 mwaka 1987, mto huo huo uliua vijana 10 waliokuwa wanatoka kambini karibu na Comfort. Baada ya msiba wa 2025, wabunge wa Texas walipitisha sheria za kukataza vibanda vya kulala vya kambi za watoto mu maeneo ya mafuriko, na kushughulikia ving'ora. Ni vizuri. Lakini sheria ya magurudumu bila kengele ni nusu ya sheria. Maji yakikukuta kitandani, karavani unaiacha, unakimbia kupanda juu kwa miguu, na hata hiyo inadai uamshwe.

Na kuna nusu nyingine inayokosekana: mtu mwenyewe. Kanuni inauliza juu ya chombo, kama ni cha kupita. Haimuulizi anayelala ndani kama naye ni wa kupita. Mu majimbo mengi, mwenye karavani hana ulinzi wa mpangaji wa kawaida; anaweza kuambiwa aondoke kwa taarifa fupi. California imejaribu kurekebisha: aliyekaa kwenye nafasi moja miezi 9 ama zaidi anahesabiwa kuwa mkaaji, na kumuondoa kunadai sababu na utaratibu zaidi. Kwa hiyo kalenda mbili zinaweza kumpita mtu yule yule. Moja inasema: usikae sana, maji yatakuua. Nyingine inasema: ukikaa sana, una haki. Maskini yuko katikati, anahesabu siku.

Na sisi?

Huku kwetu hakuna karavani. Lakini tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, mu teritwari ya Kalehe, mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana mpaka leo. Nyumba zile hazikuwa na magurudumu, lakini swali ni lile lile: nani alikuwa na kazi ya kusema "hapa watu wasilale", na kama watu wako pale tayari, nani alikuwa na kazi ya kuwaamsha?

Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Leta. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 inazipa miji, komine, sekta na sheferi uwezo wa kujiongoza. Kwa karatasi, mlango wa kuingilia upo. Lakini wengi wetu tunaandika TFC juu ya decentralisation bila kwenda hata mara moja kwenye ofisi ya komine kuuliza: muko na ramani ya mahali maji yanapopita? Ruhusa ya kujenga inatolewa baada ya nani kwenda kutazama udongo? Mvua ikizidi usiku, nani anapiga kengele, na anapigia wapi? Maswali matatu, asubuhi moja, daftari moja. Na usiende kama nilivyokwenda mimi, na jibu la kurasa tatu kabla ya kusoma barua ya ukurasa mmoja.

Yaya amehama safu. Mwenye uwanja alimpa nafasi ya juu, mbali na mto, dola chache zaidi kwa mwezi. Baraza hana tena. Ana meza na viti viwili vya kukunja, na jioni anavirudisha ndani. Mama alipoona picha mpya aliuliza nyumba imeenda wapi. Yaya akamjibu: "Iko, mama. Sasa inaweza kutembea." Mama hakuridhika sana, na mimi namuelewa.